Mwanao akienda fildi kiwanda cha nguo, mwulize hesabu ya siku

Na Mwandishi Wetu

SIMU ya namna hii hupigwa kila mwaka katika nyumba nyingi za Mazingara na vijiji vingine vya Handeni na Korogwe, wakati mahindi ya masika yanapovunwa. Kijana yuko chuoni, Morogoro au Dar es Salaam.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za masomo?"

"Nzuri. Nimepata nafasi ya fildi, kiwanda cha nguo. Ni wiki nane."

Mama anamshukuru Mungu, kisha anauliza swali ambalo kila mzazi huuliza: "Wanalipa?" Jibu, mara nyingi, ni hapana. Kijana anahitaji pango la chumba, nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, na chakula cha mchana. Baada ya siku chache magunia kadhaa yanashushwa kutoka darini na kuuzwa kwa mchuuzi wa kwanza anayepita.

Hapo ndipo penye gharama ambayo haiandikwi mahali popote. Mahindi yanayouzwa wakati wa mavuno huuzwa kwa bei ya chini kuliko yale yanayosubiri hadi miezi ya njaa. Kwa hiyo familia hailipi pango na nauli tu. Inalipa pia ile tofauti ya bei ambayo ingeipata kama ingesubiri. Ni haki yake kuuliza: kijana huyu ataleta nini nyumbani?

Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo kwa upande wa wanafunzi wa ununuzi na ugavi wanaokwenda kujifunza katika viwanda vya nguo. Jibu kwa ufupi ni kwamba akijifunza vizuri atarudi na hesabu moja ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanaihitaji kuliko cheti, nayo ni hesabu ya siku.

Fildi ni nini

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi, ni sehemu ya masomo katika vyuo vyetu vingi. Mwanafunzi hupelekwa kazini kwa wiki kadhaa, mara nyingi katika likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Huko hupewa msimamizi, hujaza daftari la kazi za kila siku, hutembelewa na mwalimu wake wa chuo, na mwisho huandika ripoti inayopewa alama. Asiyefanya fildi hamalizi masomo yake.

Fani ya ununuzi na ugavi hufundishwa katika vyuo kama Mzumbe, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT). Ina bodi yake ya kitaaluma, PSPTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kwa upande wa fedha, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwapa wanafunzi wenye mkopo sehemu ya fedha za fildi kulingana na kiwango walichopangiwa. Hata hivyo, wasio na mkopo na wengi walio ngazi ya stashahada hutegemea mfuko wa mzazi.

Kwa kijana wa Mazingara kiwanda hakiko mbali sana. Ukishika barabara kuu ya Segera hadi Chalinze, kisha ukakata kulia, unafika Morogoro, mji ambao umekuwa na viwanda vya nguo kwa miongo mingi na ambako kampuni ya Mazava imekuwa ikishona nguo za michezo za kuuza nje. Ukikata kushoto unakwenda Dar es Salaam, ambako kiwanda cha Urafiki kilizinduliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Hapo Mabibo ndipo lilipojengwa eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa. Anayeelekea kaskazini atakuta Arusha kiwanda cha A to Z, kinachojulikana kwa vyandarua.

Njia panda ya Chalinze

Mnyororo wa ugavi ni neno kubwa, lakini maana yake ni safari ya bidhaa kutoka mahali inapoanzia hadi kwa anayeitumia, pamoja na fedha na taarifa zinazosafiri nayo. Safari ya nguo ya pamba huanzia shambani. Mkulima wa Shinyanga au Simiyu huuza pamba mbegu. Kiwanda cha kuchambua hutenganisha mbegu na nyuzi. Katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi huwa theluthi moja au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni mbegu zinazokamuliwa mafuta na kutoa mashudu. Pamba nyuzi hufungwa marobota, husokotwa kuwa uzi, uzi hufumwa kuwa kitambaa, kitambaa hutiwa rangi, kisha hukatwa, hushonwa, hupigwa pasi na kuwekwa kwenye maboksi.

Nchini mwetu mnyororo huo umekatika katikati. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje ikiwa ghafi, na viwanda vingi vinavyoshona nguo za kuuza nje hutumia vitambaa vilivyoagizwa kutoka Asia. Mpango wa AGOA, ulioanzishwa na Marekani mwaka 2000 kwa ajili ya bidhaa za Afrika, uliruhusu nchi maskini kutumia vitambaa kutoka nchi nyingine na bado kuuza nguo bila ushuru. Ruhusa hiyo ilisaidia ajira za ushonaji, lakini haikumlazimu mtu yeyote kununua pamba yetu.

Matokeo yake yanaonekana Chalinze. Lori lenye marobota ya pamba kutoka Kanda ya Ziwa hupita njia panda hiyo kuelekea bandarini, na kontena la kitambaa kutoka ng'ambo linaweza kuipita hiyo hiyo likielekea Morogoro.

Kwa mwanafunzi hali hii ina maana ya pekee. Kitambaa kinachotoka mbali huchukua wiki nyingi njiani, wakati mnunuzi wa Ulaya au Marekani ametaja tarehe ambayo haibadiliki. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo ofisi ya ugavi inapofanya kazi yake yote.

Somo la kwanza: pima unapopokea

Kitambaa kinapofika kiwandani hakipelekwi moja kwa moja kwenye meza ya kukatia. Jora hufunguliwa na kupitishwa kwenye taa. Hupimwa urefu, kwa kuwa jora lililoandikwa mita 100 linaweza kuwa na mita 98. Hupimwa upana, kwa kuwa kitambaa kikipungua sentimita 2 tu mpangilio wa vipande hauwezi kuenea. Huangaliwa matundu na madoa. Hulinganishwa rangi, kwa kuwa majora mawili ya buluu yakitiwa rangi siku tofauti hayafanani, na shati litatoka na mkono wa buluu hii na mgongo wa buluu ile.

Kisha karatasi tatu huwekwa pamoja: oda iliyotumwa, hati iliyokuja na mzigo, na ankara ya kudai malipo. Zikipingana, malipo yanasimama hadi kasoro ijulikane. Kazi hii mara nyingi hupewa mwanafunzi wa fildi, naye huona kama ni kazi ya kuchosha. Lakini kitambaa peke yake mara nyingi huchukua nusu au zaidi ya gharama ya nguo, kwa hiyo uzembe wa mlangoni hauwezi kufidiwa na bidii ya washonaji.

Mkulima wetu alifikirie somo hili anapouza mazao yake kwa lumbesa. Sheria ya Vipimo inataka mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Hata hivyo mchuuzi huja na gunia lililoongezwa kilemba, mkulima hulijaza, na hulipwa kwa idadi ya magunia. Kiwanda hakimwamini hata aliyeandika urefu kwenye jora lake. Mkulima anawezaje kuamini gunia la mtu anayenunua kwake? Mizani moja ya kikundi, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, inafanya kazi ile ile ya meza ya taa kiwandani.

Somo la pili: kifungo kimoja

Nguo haishonwi kwa kitambaa peke yake. Kuna uzi, zipu, vifungo, lebo, mifuko ya plastiki na maboksi. Vitu hivi ni rahisi kwa bei, na kwa sababu hiyo husahaulika. Zipu zikichelewa, washonaji wote wa suruali wanakaa, mishahara inaendelea, na siku za meli hazisubiri. Nguo ikichelewa meli, kiwanda huenda kikalazimika kuisafirisha kwa ndege, na faida yote ya oda ikaishia kwenye nauli.

Ndiyo maana ofisi ya ugavi huwa na orodha ya kila kitu kinachohitajika, hata kidogo namna gani, pamoja na siku ambazo kila kimoja huchukua kufika. Kinachochukua siku nyingi zaidi ndicho kinachoagizwa kwanza, hata kama bei yake ni ndogo.

Wakulima wa mkonge wa Korogwe wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Majani yakishakatwa hayatakiwi kukaa, kwa sababu yakinyauka ni vigumu kupata nyuzi nzuri. Mwenye shamba anaweza kuwa na majani mazuri na wakataji hodari, lakini trekta la kubeba likikosa tairi moja au mashine ya kusindika ikiwa na foleni, mali yake inaharibika. Tairi hilo ndilo zipu yake.

Somo la tatu: anza na siku ya mwisho

Hili ndilo somo kubwa. Katika ofisi ya mipango ya kiwanda cha nguo, hesabu huanzia mwisho. Huandikwa kwanza siku ambayo mzigo unatakiwa kuwa bandarini. Kisha hurudishwa nyuma: siku za kufungasha, siku za kushona, siku za kukata, siku za kukagua kitambaa, siku za safari ya kitambaa, siku za kukubaliana bei. Tarehe inayopatikana mwisho wa hesabu ndiyo siku ya kuanza. Ikiwa imeshapita, afadhali mnunuzi aambiwe mapema kuliko kudanganywa.

Tuilete hesabu hii nyumbani. Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa hapa kwetu anayeshona sare za shule. Tuseme ana vyerehani viwili na msaidizi mmoja, na anataka kuwa na sare 120, yaani shati na kaptura au sketi, ifikapo Desemba 31 ili shule zikifunguliwa Januari awe tayari.

Kila fundi anamaliza sare 4 kwa siku, kwa hiyo wawili wanamaliza 8. Sare 120 zinahitaji siku 15 za kazi. Aongeze siku 2 za matundu ya vifungo, pasi na marekebisho. Jumla ni siku 17. Akirudi nyuma kutoka Desemba 31, akitoa Jumapili tatu na sikukuu za Desemba 25 na 26, anaangukia Desemba 10. Siku hiyo kitambaa kiwe tayari kimekaa juu ya meza.

Safari ya kwenda Tanga au Kariakoo kununua na kurudi aipe siku 3, na siku 4 nyingine za tahadhari, iwapo rangi inayotakiwa haipo au gari limeharibika. Aondoke Desemba 3. Fedha za kitambaa zinatokana na malipo ya awali ya wazazi, nao hawatoi kwa siku moja. Awape wiki mbili. Hivyo aanze kugonga milango ya wazazi na walimu wakuu Novemba 19.

Mafundi wengi husubiri wazazi waje wenyewe baada ya Krismasi. Wakati huo zimebaki siku chache, kitambaa kimepanda bei, na mzazi aliyechoka kusubiri amekwenda mjini kununua sare iliyokwishashonwa. Fundi analalamika kwamba biashara imekufa, kumbe alichelewa kwa zaidi ya wiki tano.

Hesabu ya kitambaa nayo ipo. Ikiwa sare moja inakula mita 2, sare 120 zinataka mita 240. Fundi akikata bila kupanga vipande vizuri na kupoteza sentimita 10 tu kwa kila sare, amepoteza mita 12. Hizo ni sare 6 zilizobaki sakafuni kama vitambaa vya kufutia viatu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 4,000 kwa mita, ni shilingi 48,000. Kiwandani kuna watu ambao kazi yao ni kupunguza masalia hayo tu, na mwanafunzi aliyekaa nao wiki moja anaweza kumwonyesha fundi wa kijijini kwake jinsi ya kupanga vipande vya nguo za saizi tofauti juu ya kitambaa kimoja ili nafasi isipotee.

Mkulima wa ufuta anaweza kufanya vivyo hivyo. Aulize kwanza lori la mnunuzi linakuja lini, ndipo ahesabu kurudi nyuma siku za kuvuna, za kukausha, za kupepeta na za kutafuta magunia. Wengi wetu huvuna kwanza, kisha tukaanza kumtafuta mnunuzi huku mali ikiharibika.

Fildi ya kutumwa chai

Si kila fildi huzaa matunda haya. Wako wanafunzi wanaokaa wiki nane wakitumwa chai, kutoa fotokopi na kusubiri daftari ligongwe mhuri. Ripoti zao hunakiliwa kutoka kwa waliotangulia. Lawama si ya kiwanda peke yake. Msimamizi mwenye oda ya kumaliza hana muda wa kumfundisha mtu asiyejua alichokuja kutafuta.

Kijana anayetoka nyumba iliyouza mahindi kwa ajili yake hana budi kufika na maswali. Aombe kupitishwa katika idara zote, hata kama ni siku mbili mbili: stoo, meza ya kukatia, mistari ya kushona, ukaguzi, kufungasha. Achague oda moja na kuifuata tangu kitambaa kinapopokelewa hadi boksi linapofungwa, akiandika tarehe za kila hatua. Mwisho atajua oda hiyo ilikuwa ikifanyiwa kazi siku ngapi na ilikuwa imelala ikisubiri siku ngapi. Mara nyingi siku za kulala ndizo nyingi. Kiwanda chenyewe kitapenda kuona hesabu hiyo, na kijana atakumbukwa nafasi ya kazi itakapotokea. Aidha, aheshimu siri za kiwanda: bei na majina ya wanunuzi si mambo ya kutangaza mitaani.

Mzazi naye anayo sehemu yake. Kijana akirudi nyumbani asiulizwe tu kama amefaulu. Aulizwe maswali matatu: Mzigo uliuhakiki vipi ulipoingia? Ni kitu gani kidogo kilichosimamisha kazi kubwa? Na oda moja ilichukua siku ngapi tangu mwanzo hadi mwisho? Akiweza kujibu, apewe daftari la duka la familia au la kikundi kwa mwezi mmoja tuone.

Usitegemee mnunuzi mmoja

Kuna jambo moja zaidi ambalo sekta ya nguo imelifundisha kwa machungu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, kampuni nyingi za Ulaya na Marekani zilifuta au kuahirisha oda ambazo tayari zilikuwa zinashonwa. Katika nchi kama Bangladesh, viwanda vilibaki na nguo zenye lebo za watu wengine na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Viwanda hivyo vilijua kushona na kuhesabu siku, lakini vingi vilikuwa na wanunuzi wachache mno.

Mkulima mwenye mchuuzi mmoja anayejulikana kwa jina na namba ya simu yuko katika hali hiyo hiyo. Siku mchuuzi asipokuja, hana pa kwenda. Hapa tena kijana wa ugavi anaweza kusaidia, kwa sababu amefundishwa kutafuta na kulinganisha wanunuzi na wauzaji zaidi ya mmoja, kuandika masharti, na kutoridhika na ahadi ya mdomo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa miaka mingi tumelielewa daftari hilo kuwa ni la fedha: nani anadaiwa, nani amelipa. Kiwanda cha nguo kinaongeza safu moja katika daftari hilo, safu ya tarehe. Mkulima au fundi anaweza kuianza leo jioni kwa kalamu na kalenda ya ukutani. Aandike siku ambayo mteja anataka mali yake, kisha ahesabu kurudi nyuma.

Na mwakani mahindi yatakapovunwa, simu kutoka chuoni itapigwa tena. Mama asisahau kuuliza kama wanalipa. Lakini aongeze pia: "Utarudi lini, na utatuletea hesabu gani?"